Hivi kwa nini masultani wa Ottoman walikuwa wanaua ndugu zao, na kwa nini baadaye wakaacha?

MchambuziNgamiani · #1
Wakuu habari za jioni. Dola ya Ottoman imetoka kama mwaka 1300 mpaka 1922 na muda wote huo kiti kilikaa kwenye ukoo mmoja tu, wa Osman. Hakuna waziri wala jemadari aliyewahi kuwanyang'anya akakaa yeye. Sasa ukitazama majirani zao, ukoo unaanguka baada ya vizazi vichache, watoto wanagawana nchi, kila mmoja anachukua kipande chake na baada ya miaka mia hakuna kitu.

Hoja yangu ni kwamba siri yao ilikuwa ile sheria ya Mehmed wa Pili, aliyeiteka Istanbul 1453. Aliandika kwenye kanuni zake kwamba mwanangu yeyote atakayepata usultani, inafaa awaue ndugu zake kwa ajili ya mpangilio wa dunia, na kwamba maulamaa wengi wameruhusu. Ni ukatili, sikatai. Lakini walipoacha kuua miaka ya 1600 wakaanza kuwafungia ndugu ndani ya jumba, wakatoka masultani dhaifu na dola ikaanza kushuka. Naombeni mawazo yenu, hasa wanaojua hii historia vizuri.

Sabasita · #2
Naweka kambi hapa. Uzi mzuri.

kaka_Kirumba · #3
Mkuu hii nimeiona yote kwenye ile tamthilia ya Kituruki waliyotia sauti za Kiswahili. Suleiman aliwaua kaka zake wote ndo akakaa kwenye kiti, halafu mkewe Hurrem akamchonganisha na mtoto wake Mustafa. Wanawake ndo waliimaliza ile dola.

Ustaadh wa Kijitonyama · #4
@kaka_Kirumba ndugu yangu tamthilia isikupoteze. Suleiman alipopanda 1520 hakuwa na kaka wa kumuua, alikuwa mtoto pekee wa kiume aliyebaki. Aliyeua ni baba yake, Selim wa Kwanza, ambaye 1512 alimng'oa mzee wake mwenyewe Bayezid wa Pili, halafu akawamaliza kaka zake Korkud na Ahmed na watoto wa ndugu zake. Kwa hiyo Suleiman alikuta uwanja umeshafagiliwa.

La Mustafa ni kweli, 1553, aliitwa kwenye hema la baba yake kule karibu na Konya jeshi likiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi, akaingia hakutoka. Jeshi lilikasirika mpaka waziri mkuu Rustem ikabidi aondolewe ili watu wapoe.

Sasa kwa @MchambuziNgamiani, nakuja kwenye dini maana hapo ndipo panaponiuma. Hao waliotoa ruhusa walishika aya ya al-Baqara, kwamba fitna ni mbaya zaidi kuliko kuua. Lakini aya ile inazungumzia watu wanaofukuzwa na kuteswa kwa ajili ya dini yao, haizungumzii mtoto wa miaka mitatu ambaye eti huenda akikua ataleta fujo. Sheria yetu haimuadhibu mtu kwa kosa ambalo hajalitenda. Wala hawakukubaliana wote. 1621 Osman wa Pili alitaka fatwa ya kumuua mdogo wake Mehmed kabla hajaenda vitani Poland, Sheikhul Islam wake, yaani mufti mkuu wa dola, Esad Efendi akakataa. Ikabidi aende kwa kadhi wa jeshi wa Rumelia, majimbo ya upande wa Ulaya, ndo akaipata. Ukiona mtu anazunguka kutafuta shehe wa kumpa jibu analolitaka ujue na yeye moyoni anajua.

MchambuziNgamiani · #5
Shukran ustaadh. Lakini hoja ya dini ni tofauti na hoja ya kwamba mfumo ulifanya kazi. Mimi nauliza la pili.

BintiKisauni · #6
Wacheni kuwasingizia wanawake jamani @kaka_Kirumba. Mambo haya yalianza kabla Hurrem hajazaliwa, tena miaka mingi. Bayezid wa Kwanza alimnyonga nduguye Yakub palepale Kosovo 1389 siku baba yao alipouawa vitani, na Mehmed huyu mwenye kanuni alipopanda 1451 alianza na mdogo wake aliyekuwa bado mtoto mchanga. Kwa hiyo kanuni iliandika jambo lililokuwepo tayari.

Halafu mnasahau ule utaratibu wa jumba. Watoto wa sultani walizaliwa na masuria, na desturi ilikuwa suria akishazaa mtoto wa kiume basi, haitwi tena kwa sultani. Mama mmoja, mtoto mmoja wa kiume. Kijana akikua anapelekwa kutawala jimbo, Manisa au Amasya, na mamake anafuatana naye, ndiye mshauri wake na ndiye anayemlinda. Mwengine na mamake yuko jimbo jengine. Sasa hao mnaowaita ndugu kuna waliokuwa hawajuani hata sura! Kila mama anajua kwamba siku baba akifa, mwanawe ama ni sultani ama ni maiti, hakuna la tatu. Wewe ungekuwa ni mama ungekaa umekunja mikono? Hurrem alivunja ile desturi kwa kuzaa wana kadhaa na kuolewa ndoa kabisa, na bado wanawe wawili, Selim na Bayezid, wakapigana, Bayezid akakimbilia kwa Shah Tahmasp huko Iran, na Shah akamtoa akauliwa na wanawe.

mtembezi_Fatih · #7
Habarini kutoka Istanbul, nipo huku kwa kazi mwaka wa kadhaa sasa. Niongeze kitu kimoja ambacho kitabu hakikupi. Ukienda Aya Sofya, kwa nje upande wa bustani kuna makaburi ya masultani, mlango wake ni tofauti na wa msikiti. Ingia kwenye kaburi la Murad wa Tatu. Yeye alipopanda 1574 aliwanyonga wadogo zake watano. Alipokufa yeye, Januari 1595, mwanawe Mehmed wa Tatu akawanyonga ndugu zake kumi na tisa kwa siku moja. Kumi na tisa wakuu. Wamezikwa pamoja na baba yao mle ndani na majeneza yao mengine ni mafupi kama meza ya kahawa, maana walikuwemo watoto wadogo kabisa.

Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Watu wanapiga picha, mimi siwezi. Kwa hiyo mtu akiniambia mfumo ulifanya kazi namwambia nenda kasimame mle dakika tano.

Sabasita · #8
19 kwa siku moja?? Duh.

kaka_Kirumba · #9
Mbona tamthilia haikufika huko. Haya mtembezi, hebu tuambie walikuwa wanauliwaje, maana nasikia kwa uzi.

mtembezi_Fatih · #10
Kwa uzi wa upinde au wa hariri, na waliokuwa wanafanya kazi hiyo ni mabubu wa jumba. Damu ya ukoo wa kifalme ilikuwa haimwagwi, hiyo ni mila ya zamani ya Waturuki na Wamongolia, imetoka nayo huko nyika za Asia ya Kati kabla ya Uislamu.

Na hao mabubu wana historia yao nzuri tu, si kunyonga peke yake. Jumba la Topkapi lilikuwa na utaratibu wa ukimya, mbele ya sultani watu hawaongei ovyo, kwa hiyo lugha ya ishara ya viziwi ilienea pale ndani mpaka masultani wenyewe na wahudumu wakajifunza. Fikiria jumba zima linaongea kwa mikono. Anayefundisha watoto viziwi humu asome hiyo habari, itampa moyo.

Mwalimu Chumbageni · #11
@mtembezi_Fatih mimi nafundisha watoto viziwi, hilo nalichukua na kesho naingia nalo darasani.

Lakini turudi kwenye swali. Mila hiyo ya Asia ya Kati ndio maelezo yenyewe kwa maoni yangu, na humu imepitwa haraka. Kwa Waturuki wa zamani utawala ulikuwa mali ya ukoo mzima, kila mtoto wa kiume ana haki sawa, mkubwa kwa mdogo, wa mke kwa wa suria, na Mungu ndiye anaonyesha kamchagua nani kwa kumpa ushindi. Sasa mkiwa na imani hiyo mna njia mbili, ama mgawane ama mpigane mpaka abaki mmoja. Wengine wote waligawana. Waottoman walikataa kugawana.

Na walikataa kwa sababu waliionja shubiri. 1402 Timur, mtekaji kutoka Asia ya Kati, aliwapiga pale Ankara akamteka Bayezid wa Kwanza, wanawe wakapigana wao kwa wao miaka kumi na moja, mpaka 1413 Mehmed wa Kwanza alipowashinda. Nchi ilikuwa inakwenda na maji. Mehmed wa Pili ni mjukuu wa huyo. Alipoandika "mpangilio wa dunia" alikuwa na picha ya vita vile kichwani.

Nyikani · #12
Wakuu kuhusu hiyo kanuni yenyewe tusiwe na uhakika kupita kiasi. Nakala zilizopo ni za miaka mingi baada ya Mehmed, na wapo wanahistoria waliobishana kama kile kifungu ni chake au kiliingizwa baadaye. Wengi siku hizi wanaona ni chake, ila mjadala ulikuwepo.

MchambuziNgamiani · #13
@Mwalimu Chumbageni hapo umenisaidia sana, kumbe ndicho ninachosema. Angalia pia Mughal kule India. Hawakuwa na kanuni iliyoandikwa lakini walikuwa na msemo wao, takht ya takhta, kiti cha enzi au jeneza. Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal alipopanda 1628 ndugu yake Shahryar na jamaa wengine waliuliwa, halafu naye akaugua 1657 wanawe wanne wakaingia vitani. Aurangzeb akamshinda Dara Shikoh pale Samugarh 1658, akamuua mwaka uliofuata, na baba yao akafungwa kwenye ngome ya Agra mpaka kufa 1666. Sasa vita vya namna hiyo vinakula majeshi, hazina, na wakulima ambao hawahusiki. Ottoman wao walimaliza jambo usiku mmoja ndani ya jumba na raia wakaamka wana sultani.

BintiKisauni · #14
"Walimaliza jambo" ndio watoto kumi na tisa hao?

Ustaadh wa Kijitonyama · #15
Na wala haikuwa usiku mmoja kila mara. Jem, mdogo wake Bayezid wa Pili, alipigana 1481 akashindwa, akakimbilia Cairo kwa Wamamluki, akaenda Hija, na katika ukoo ule mzima yeye ndiye mwana wa sultani aliyehiji. Halafu akajisalimisha kwa mashujaa wa Kikristo wa Rhodes, wakampitisha Ufaransa, akaishia mikononi mwa Papa, akafa Naples 1495. Miaka yote hiyo kaka yake analipa dhahabu kila mwaka ili wasimwachie. Kanuni ilikuwepo na haikuzuia. Tena huenda ndiyo iliyomfanya Jem apigane, maana kusalimu amri kulikuwa sawa na kufa. Ungekuwa unajua utabaki hai ungekubali kukaa kimya na shamba lako.

Mtu wa Darajani · #16
Ustaadh hapo kwenye "ungekuwa unajua utabaki hai" napata shaka. Kwetu Unguja, Seyyid Said alipofariki 1856 hakukuwa na kanuni ya kuua ndugu, na bado 1859 mwanawe Barghash alimuasi kaka yake Majid aliyekuwa kwenye kiti, Waingereza wakaingilia kati, akapelekwa Bombay. Alibaki hai, akarudi, 1870 akatawala yeye na ndiye huyo tunayemkumbuka kwa maji na Beit el Ajaib. Sasa tukipima, kumuacha ndugu hai kulileta uasi kweli lakini pia kuliacha akiba ya mtawala. Ila aliyefaidika zaidi na ugomvi ule ni Muingereza, aliyekuwa msuluhishi akawa mwenye nyumba.

Yohana_Msalato · #17
Nauliza tu, Ethiopia si walikuwa wanawafungia juu ya mlima? Nakumbuka Amba Geshen, wana wa mfalme wote wanapandishwa juu wanalindwa huko, akihitajika mfalme anateremshwa mmoja. Mpaka jeshi la Imam Ahmad Gragn lilipoipanda 1540. Kwa hiyo kufungia si wazo la Waturuki.

Mwalimu Chumbageni · #18
Ni kweli, na Wasafawi wa Iran pia. Shah Abbas wa Kwanza alimuua mwanawe Safi Mirza 1615, wengine akawapofusha, na waliobaki wakafungiwa kwenye haramu, yaani makazi ya wanawake wa jumba. Kwa hiyo miaka ya 1600 majumba haya yanaelekea njia moja. Swali ni kwa nini, na hapo @MchambuziNgamiani hujatujibu nusu ya pili ya swali lako mwenyewe.

MchambuziNgamiani · #19
Ahmed wa Kwanza alipanda 1603 ana miaka 13, hana mtoto, hata jando alikuwa hajaingia, alitahiriwa baada ya kuwa sultani. Mwaka huohuo baba yake alikuwa ameshamuua mtoto mkubwa, Mahmud. Wamebaki wawili tu, Ahmed na mdogo wake Mustafa. Ukimuua Mustafa halafu Ahmed akapata ndui ukoo umekwisha. Ni hesabu tu.

BintiKisauni · #20
Hesabu hiyo inakwenda mpaka Novemba 1604 alipozaliwa Osman. Baada ya hapo Ahmed alipata wana wengi, na Mustafa akaishi mpaka Ahmed anakufa 1617. Miaka kumi na tatu hiyo mbona hakuuliwa?

Jibu langu ni Kosem, suria kipenzi wa Ahmed. Osman alikuwa mkubwa lakini si mwanawe. Akijua kwamba Osman atapanda na desturi ya kuua ipo, basi wanawe Kosem ndio wa kwanza kunyongwa. Ikivunjwa kwa Mustafa imevunjwa kwa wote. Mabalozi wa Venice waliokuwepo Istanbul waliandika hivyo wakati uleule. Mwanamke alikuwa anaokoa watoto wake, na katika kuwaokoa akabadilisha sheria ya dola nzima, ikawa anapanda mkubwa wa ukoo. Nyinyi mwamwita mchonganishi.

kaka_Kirumba · #21
Dada Kisauni mimi nimeshanyoosha mikono, usinifuate mpaka huku

mtembezi_Fatih · #22
Mimi nitaongeza sababu ya mji. Mwaka 1595 watu wa Istanbul waliona jeneza la Murad linatoka, halafu wakaona yale kumi na tisa yanafuata. Zamani sultani akipanda wakubwa walikuwa mikoani na wengi walikufa vitani, mbali na macho. Safari hii ni watoto, na mji mzima unaangalia. Nadhani baada ya pale hakuna aliyekuwa na hamu ya kuona tena.

Nyikani · #23
Hamu ilirudi lakini @mtembezi_Fatih. Osman wa Pili alimuua Mehmed 1621. Murad wa Nne akawaua wadogo zake Bayezid na Suleiman 1635, na Kasim 1638, na huyo Kasim, Bibie, ni mwana wa Kosem sawa na Murad mwenyewe, kwa hiyo mama hakuweza kuwaokoa wote. Alibaki Ibrahim tu. Inasimuliwa kwamba Murad alipokufa 1640 wakamfuata Ibrahim wampeleke kwenye kiti, akagoma kufungua mlango, alidhani ni mtego, mpaka alipoonyeshwa maiti ya kaka yake.

Maelezo yangu ni mengine kabisa. Mehmed wa Tatu ndiye wa mwisho kupelekwa jimboni, Manisa. Baada yake vijana wanakaa Topkapi. Mtoto ambaye hana jimbo, hana jeshi, hana hazina, hana wafuasi, utamuua wa nini? Hatari yake imeshaondolewa. Kuacha kuua kumetokana na kuacha kuwapeleka mikoani.

MchambuziNgamiani · #24
Na ndiyo maana wakatoka dhaifu! Suleiman wa Pili alipanda 1687 baada ya kufungiwa karibu miaka 40. Atajua nini kuhusu kodi, vita, watu? Wakati Selim wa Kwanza alikuwa gavana Trabzon miaka mingi kabla hajapanda.

Mwalimu Chumbageni · #25
Dhaifu kwa kipimo gani? Kama sultani hawezi, waziri mkuu anaweza. Akina Koprulu, ukoo wa mawaziri wakuu, waliiendesha dola kuanzia 1656 na wakamalizia kuichukua Crete 1669. Mimi naona nguvu ilihama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa jumba, mawaziri, maulamaa na askari wa Janisari. Hao walikuwa wanataka pawepo na mtoto mwingine ndani ya jumba, ili huyu akiwaudhi wambadilishe. 1617 Mustafa, 1618 Osman, 1622 Mustafa tena baada ya askari kumuua Osman pale ngome ya Yedikule, 1623 Murad. Vitawazo vinne ndani ya miaka sita, na kila sultani mpya ni lazima awape askari bahashishi ya kutawazwa. Tafuteni nani alifaidika na kubaki hai kwa akina Mustafa.

Mtu wa Darajani · #26
Kwa hiyo jeshi ndo lilikuwa linafuga wana wa mfalme. Hii nimeielewa.

BintiKisauni · #27
Nje ya mada kidogo, huyu Murad wa Tatu mwenye makaburi ndiye aliyekuwa sultani wakati nahodha Mturuki Ali Bey anakuja pwani yetu. Alifika 1585 na merikebu moja kutoka Bahari ya Sham, miji mingi ikamkubali kwa kuchoshwa na Mreno, Malindi ikabaki na Mreno. Akarudi na merikebu tano, akajenga ngome Mombasa. Wareno wakaja na jeshi kutoka Goa 1589, na huku bara Wazimba wamepiga kambi wanangoja kuvuka. Mji ukaangamia katikati, Ali Bey akakamatwa akaishia Lisbon. Fort Jesus ikaanzwa 1593 kwa hofu hiyohiyo. Mamangu mkubwa alikuwa akitupigia hadithi za Wazimba tukiwa wadogo, sikujua zina mkono wa Istanbul.

Sabasita · #28
Hii ifunguliwe uzi wake dada, usiiache hapa katikati.

Ustaadh wa Kijitonyama · #29
Naunga mkono, na mimi nitachangia habari za towashi Mhabeshi Mehmed Agha, ambaye enzi za Murad huyohuyo alipewa usimamizi wa wakfu za Makka na Madina. Watu weusi ndani ya Topkapi hawazungumzwi vya kutosha.

@Nyikani hoja yako ya mikoani ni nzuri lakini haielezi Murad wa Nne. Wadogo zake hawakuwa na jimbo wala jeshi na bado aliwaua.

Nyikani · #30
Aliwaua kwa sababu askari walikuwa wanaweza kumtumia yeyote kati yao, kama alivyosema Mwalimu. Hoja mbili zinakutana hapo.

MchambuziNgamiani · #31
Mpaka sasa nina mila ya Asia ya Kati, hofu ya 1402, akina mama, umri wa Ahmed, majeneza ya 1595, mikoa, na Janisari. Bado nasimama kwamba bila kanuni ile wangegawana nchi mapema sana.

mtembezi_Fatih · #32
Mkuu kabla hujafunga, kumbuka haikuishia 1600 na kitu. 1808 Mustafa wa Nne aliyekuwa kwenye kiti aliagiza wauliwe binamu yake Selim wa Tatu na mdogo wake Mahmud, ili abaki mwanamume pekee wa ukoo na waasi wakose wa kumweka. Selim wakamuua. Mahmud alitoroshwa akapitia juu ya paa la haramu, akatawazwa, na miezi michache baadaye Mustafa akanyongwa. Ukoo mzima wa Osman ukabaki na Mahmud peke yake, kama ulivyobaki na Ibrahim 1640. Mara mbili kanuni yako nusura imalize ukoo unaosema iliulinda. Hilo ulijibu.

MchambuziNgamiani · #33
Nalijibu kesho nikitoka kazini, kwa sababu nadhani 1808 ni jambo la Janisari na mageuzi ya jeshi kuliko kanuni ya Mehmed. Mwalimu usilale mbali.